Mkono wa Papa

Maman aliita ile mashine "polisi". Kila ilipoanza kumkaba mkono, alikunja uso na kusema, "Polisi amefika. Atanifinya mpaka niseme yote." Leo nikikumbuka utani huo huwa nacheka peke yangu, maana polisi huyo alidanganywa kwa miezi mingi na hakushtuka hata kidogo.

Ni mashine ndogo tu ya kupimia presha: kitambaa cha kuzungushia mkono, mpira mwembamba, na kioo cha namba. Maman alipewa na kituo cha afya cha kwetu, hapo juu ya barabara inayoshuka hadi daraja la mpakani la Rusizi ya Kwanza, tunapovukia kwenda Bukavu, Kongo. Asubuhi unakaa, unapumzika kidogo, unafunga kitambaa, unabonyeza, unanyamaza. Namba zikitokea unazituma kituoni kwa ujumbe wa simu, na simu inajibu yenyewe. Zikiwa nzuri inakushukuru na kukukumbusha dawa. Zikiwa mbaya inakuita. Kila mgonjwa anaandikisha pia mtu wake wa karibu, naye anapata ujumbe huohuo. Mtu wa karibu wa Maman nilikuwa mimi, ingawa niko mbali kidogo, kule Muganza, kwenye mizani ya kiwanda cha saruji. Kazi yangu ni kupima malori yanapoingia matupu na yanapotoka yamejaa.

Papa siku zote alinitania kwamba tumekuwa ukoo wa kupimapima. Yeye ni fundi cherehani, amepima viuno vya watu tangu Bukavu. Maman anapima karoti kwa mafungu. Mimi napima malori. Na sasa Maman naye anapimwa.

Lakini nyuma ya utani huo kulikuwa na jambo lililotunyima usingizi sote. Dada mkubwa wa Maman, tuliyemwita Maman Mukubwa, alianguka kwenye ule mteremko wa kwenda darajani akiwa na beseni la karoti kichwani. Karoti zikatawanyika barabarani. Wenzake wa mpakani waliokota karoti zote, hata zilizobingirika mtaroni, wakamwokota na yeye. Aliishi miezi michache kitandani, mdomo umepinda, mkono mmoja haumsikii. Maman ndiye aliyemwogesha na kumlisha uji mpaka mwisho. Walipompima Maman baada ya mazishi, wakamkuta na presha ileile iliyomwangusha dada yake. Kwetu tunaiita tansio, kama Wakongomani wote. Tangu siku hiyo sikuweza kuuona ule mteremko bila kumwona Maman amelala pale. Nilikuwa naogopa, na woga wangu ukitafuta mlango hutokea kama ukali. Nilimpigia simu kila siku kumgombeza kuhusu chumvi.

"Weye unaniongelesha kama mimi njo mutoto," alikuwa akisema.

"Maman, umemeza dawa?"

"Nimemeza. Na weye, umekula?"

Kumhoji Maman ni kazi bure. Utamaliza simu ukiwa wewe ndiye uliyehojiwa.

Miezi ya kwanza namba zilikuwa za kutisha. Siku nyingine nzuri, siku nyingine zimepanda mlima. Simu ikimwita, anaacha biashara, anapanda kituoni, anakaa kwenye benchi nusu siku, muuguzi anamuuliza kama anameza dawa, anajibu anameza. Karoti zinanyauka ndani ya beseni. Muuguzi ni dada mmoja mpole kutoka Nyakabuye, anazungumza Kiswahili polepole kana kwamba anakitembeza kwenye matope, lakini akikasirika kinamnyooka vizuri sana. Alimwambia Maman, "Mama, hii dawa siyo mapambo ya kabatini." Maman alirudi nyumbani amenuna.

Kisha, bila sababu tuliyoijua, namba zikawa nzuri.

Nataka nieleze furaha ya asubuhi zile. Nilikuwa nasimama mlangoni mwa kibanda cha mizani, vumbi la saruji limeshanipaka unga kwenye nyusi, dereva wa kwanza anapiga honi, na simu inatetemeka mfukoni. "Presha yako iko sawa. Endelea na dawa." Kumi na mbili kwa nane, yaani mia na ishirini kwa themanini. Kumi na tatu kwa nane. Nilikuwa nasoma namba hizo kama mtu anavyosoma salamu za kwao. Niliwaonyesha wenzangu. Niliwaambia madereva wenye matumbo makubwa waende wakapimwe, waone mama yangu anavyofanya. Nikienda nyumbani mwisho wa mwezi nilimpelekea mchele mpya wa Bugarama na kumsifu mbele ya wageni. Maman alikuwa akiinamia sahani na kusema, "Mungu njo anasaidia." Papa alikuwa akikohoa kidogo, anaangalia dirishani.

Sasa niseme habari za Papa, kwa sababu mpaka hapo hakuna aliyekuwa akisema habari zake, na ndivyo alivyopenda. Papa ni mwembamba, mrefu, mtu wa kwaya. Wazazi wake ni Wanyarwanda, yeye amekulia Bukavu, akamwoa Maman ambaye ni Mshi wa kule kule, na wakati wa kurudi Rwanda ulipofika wakarudi wote na cherehani mgongoni. Mkono wake wa kulia vidole haviwezi kukunjika vizuri tangu alipoanguka na pikipiki, ndiyo maana siku hizi anashona polepole, mashati na sare za shule tu. Alikuwa akijisifu kwamba hajawahi kumeza kidonge isipokuwa cha malaria. Ukimwambia akapime, alijibu, "Minaenda kutafuta nini? Ugonjwa?" Maman alipokuwa akipimwa, Papa alikaa kando akitoa maoni kama mtangazaji wa mpira: polisi anafunga, polisi anapumua, polisi anaandika ripoti.

Baada ya miezi kadhaa zile namba nzuri zikaanza kupanda. Si kwa ghafla. Kumi na nne kwa tisa. Kumi na tano kwa tisa. Simu ikaacha kushukuru, ikaanza kuuliza: umemeza dawa, umelala vizuri, kuna kichwa kinauma? Nikampigia Maman.

"Ni mapile," akasema mara moja. "Ile mashine mapile inaisha. Inasema bintu yenye haiko."

Nilimwamini. Aliisema kwa uhakika wa mtu anayejua, na nilitaka iwe mapile, betri tu. Nikanunua mapya Muganza, yale mazuri, nikamtumia kwa dereva mmoja wa kwetu. Maman akayaweka. Namba zikazidi kupanda. Akasema na haya mapile niliyonunua ni ya uongo, watu wa Muganza wameniibia. Papa naye, kwa simu, nilimsikia nyuma akiunga mkono: "Mapile ya siku hizi haina nguvu, mutoto. Zamani tulikuwa na mapile."

Nilipokwenda kuwasalimu, Papa aliniita nimtungie uzi kwenye sindano. Alisema macho yameamua kuzeeka kabla yake. Nikamtungia, tukacheka, Maman akasema mzee huyu akiona msichana mzuri barabarani macho yanapona. Nakumbuka Papa alikuwa ameshika paji la uso kwa viganja viwili kama mtu anayesikiliza kitu. Sikumuuliza anasikiliza nini. Macho yangu yote yalikuwa kwa Maman, kwenye vifundo vya miguu yake, kwenye mdomo wake, kama bado umenyooka.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa kwenye mizani, lori la mawe ya machimbo limesimama juu, ujumbe wa asubuhi sijausoma bado, simu ikalia. Alikuwa yule muuguzi.

"Dada, mama yako ametuma namba asubuhi," akasema, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kabisa. "Kumi na tisa kwa kumi na mbili. Nampigia hapatikani. Mtafuteni. Asibebe kitu. Akae chini, mmlete hapa."

Maman akivuka kwenda Bukavu huzima simu, kwa sababu mtandao wa upande ule hula salio bila kuomba ruhusa. Nilijua hivyo. Lakini wakati ule sikujua chochote. Nilimwona kwenye mteremko na karoti zimetawanyika. Nilimwambia msimamizi, "Mama yangu," na nadhani uso wangu ulimaliza sentensi, maana alichukua kiti changu mwenyewe. Lori la saruji lilikuwa linatoka kwenda Kamembe, upande wa nyumbani. Dereva alinisogezea mlango bila kuuliza. Njia nzima nilipiga simu na kusikia yule mwanamke wa mtandao akiniambia mtu ninayempigia hapatikani, kwa adabu, kwa lugha zote. Nilimchukia mwanamke yule. Papa naye hakupokea, lakini Papa huacha simu chini ya vitambaa, hilo halikunishangaza. Kwenye kona za kupandia kutoka bonde la Bugarama lori lilikuwa likikokota miguu, nikawa nasali kwa Kiswahili, Kinyarwanda na kile Kimashi kidogo nilichofundishwa na nyanya yangu, ili lolote lisikike.

Nilishukia juu na kuteremka ule mteremko kwa miguu, nikiangalia mitaro pande zote mbili.

Na Maman akatokea. Alikuwa anavuka daraja kutoka upande wa Bukavu, beseni tupu kichwani, kanga imefungwa vizuri kiunoni, anabishana na mwenzake kuhusu jambo la kanisa na anashinda. Mnyoofu kama mlingoti. Nilimkimbilia nikalinyakua beseni kichwani mwake.

"Maman, kaa chini!"

"Yesu wangu! Weye unakuya kufanya nini huku? Bamekufukuza kazi?"

"Kaa chini nimesema! Usiongee!"

Wanawake wote wakasimama kutazama. Maman akakaa juu ya jiwe la kando ya barabara, si kwa kutii bali kwa mshangao. Akanishika mkono, akasema nitoe pumzi, mimi ndiye ninayeonekana mgonjwa. Nikamwambia kituo kimenipigia. Akaanza kucheka. "Ile mashine tena? Nilikuambia, mapile."

"Maman, si mapile. Leo asubuhi umetuma kumi na tisa kwa kumi na mbili."

"Ah, nilituma tu, sikuangalia sana, nilikuwa nachelewa mustari ya mupaka..." Kicheko chake kilikwenda kidogo, kikasimama. Nikaona uso wa mama yangu ukibadilika, kitu ambacho sikukiona hata siku ya mazishi ya dada yake.

"Kumi na tisa?" akauliza.

"Ndiyo."

"Ile haiko mukono yangu," akasema Maman. "Ile ni mukono ya papa yako."

Sikuelewa. Akasema tena, polepole, kana kwamba anajieleza mwenyewe. Miezi yote ile alikuwa akimfunga Papa kitambaa, anabonyeza, anatuma. Papa hakuwa mgonjwa. Papa alikuwa na namba nzuri. Kwa hiyo aliazima mkono wake, ili kituo kisimwite tena, na mimi nisipate wasiwasi. Na namba zilipoanza kupanda, wote wawili waliketi mezani wakaangalia mashine wakakubaliana kwamba mashine ndiyo mgonjwa.

"Kwa sababu papa yako hagonjwaka," alisema. Alikuwa ameshasimama. Beseni lake alilisahau pale kwenye jiwe, mimi ndiye niliyelibeba.

Tulipanda pikipiki mbili. Tulimkuta Papa amekaa kwenye cherehani, hajashona kitu, shati la mtu liko mapajani, ameegemeza kichwa ukutani na amefumba macho. Alipotusikia akatabasamu. "Kichwa kidogo tu," akasema. "Jua la leo kali." Hakukuwa na jua. Maman alipiga magoti mbele yake, akamvua kiatu, akamvisha tena kiatu hichohicho. Hakujua mikono yake ifanye nini. Mimi nikamshika Papa upande mmoja, yeye akamshika mwingine, tukatoka.

Kituoni walimpima mara mbili, kisha wakaita gari la hospitali. Kabla ya gari kufika, muuguzi alimgeukia Maman akamwambia, "Na wewe lete mkono. Wako." Akafunga kitambaa. Namba za Maman zilikuwa mbaya pia, mbaya kwa namna yake, lakini siyo kama za Papa. Muuguzi akaziangalia muda mrefu. Nilisubiri amgombeze, na alimgombeza, na alikuwa na haki ya kila neno. Alimwambia kituo kingeweza kumwongezea dawa kwa namba za mtu mwingine na kumwangusha. Alimwambia angeweza kumzika mume huku simu ikiandika jina lake yeye. Maman alisikiliza ameinama. Kisha muuguzi akauliza kile ambacho mimi, na ukali wangu wote wa chumvi, sikuwahi kuuliza.

"Lakini kwa nini humezi dawa, mama?"

Maman akatazama mlangoni kuhakikisha hakuna mwanamume karibu. "Ile dawa inanisukumaka kukojoa," akasema. "Kila mara. Na mu mustari ya barrière, utaenda wapi? Ukitoka, bamama ba nyuma habatakungoya. Utarudia mwisho. Siku ya soko sisi hatunywake hata maji. Maman Mukubwa alinifundisha vile, tangu niko musichana: siku ya kuvuka, tumbo ikauke. Siku zingine namezaka. Siku ya soko, hapana."

Na siku za soko kwa Maman ni karibu siku zote.

Nilikuwa nimeyajua maisha hayo tangu utoto. Nimelala mgongoni mwake kwenye mstari ule wa kusubiri mpaka ufunguliwe. Najua beseni linavyokaa mahali pako ukienda kunong'ona jambo na jirani, na linavyosukumwa kando ukichelewa. Najua wanawake wa kwetu hawanywi chai asubuhi ya kuvuka, wanalamba midomo tu mpaka warudi. Nilijua yote hayo na sikuwahi kuyaweka karibu na kile kidonge cheupe. Muuguzi alizungumza na daktari, wakambadilishia. Ile ya kukojoza wakaiondoa, akapewa nyingine isiyo na haraka hiyo. Lilikuwa jambo la maneno machache tu. Hasira zikanipanda nikakosa wa kumpa.

Papa alilazwa juu kule hospitalini. Daktari alisema amefika kabla kitu hakijapasuka, akaondoka kwenda kwa mgonjwa mwingine, akatuachia sentensi hiyo tuigawane. Maman alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ameushika mkono wa kushoto wa Papa, pale juu ya kiwiko ambapo kitambaa hufungwa, na alikuwa akipasugua kwa kidole gumba kama anayefuta doa kwenye nguo. Hakulia. Mimi nililia kwa niaba ya familia nzima, kwa sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniambia ihangane, vumilia.

Papa alipopata nguvu ya kuongea nilimwuliza, kwa ukali wangu uleule, alikuwa anafikiri nini.

"Aliniomba mukono," akasema.

"Papa!"

"Aliniomba mukono, nikamupa. Weye ungefanya nini? Ni bibi yangu. Alisema, nisaidie, bataniita tena na karoti zitaoza, na mutoto hatalala. Mimi nilikuwa nao tu pale, haufanye kazi. Na nilipendaka ile saa. Kila asubuhi alikuwa anakaa karibu, ananifunga, ananiambia nisiongee. Siku zote anakimbia. Ile saa alikuwa hakimbie."

Maman alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua macho, lakini mkono wa kumenya ulisimama.

Nimefikiri sana jambo hilo. Kama Maman angekuwa mkweli, Papa asingepimwa kamwe. Angekaa pale kwenye cherehani na kichwa chake kidogo tu. Simwambii Maman hivyo, atapata kiburi na kuanza kudanganya vitu vingine. Lakini usiku nikilala huwa namshukuru Mungu kwa uongo ule, kisha naomba msamaha kwa kushukuru, kisha nashukuru tena.

Siku hizi Papa naye ameandikishwa. Mashine ni ileile moja, mikono ni miwili, na simu yangu inapokea ujumbe mara mbili. Papa ni mgonjwa mbaya kuliko Maman. Ananung'unika kuhusu chumvi kama mtoto aliyenyang'anywa mpira, na vidonge vyake anavitazama kama kitu alichotemewa. Lakini hawezi kujipima mwenyewe, kwa sababu kitambaa hufungwa mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, na vidole vyake vya kulia havikunjiki. Kwa hiyo ni lazima Maman amfunge. Kila asubuhi anamfunga yeye kwanza, kisha anajifunga mwenyewe, na Papa anatangaza mpira. Muuguzi alituonya kwamba kila ujumbe uende na mkono wake. Maman aliapa kwa Biblia, bila kuombwa.

Nilidhani ningemwamini siku hiyohiyo. Haikuwa rahisi. Kila namba nzuri ya Maman ilipoingia niliitazama kwa kuikodolea, nikijiuliza imetoka mkono wa nani. Kwenye mizani dereva akinidanganya nalirudisha lori juu, nalipima tena. Mama huwezi kumrudisha juu ya mizani. Nilikuwa nampenda na simwamini, na sijui kama kuna kitu kinachochosha zaidi ya hicho.

Halafu nikapata likizo, nikaenda nyumbani, na asubuhi moja ya soko nikashuka naye mpakani kumsaidia. Tulitoka haraka. Mvua ilikuwa imekatika sasa hivi na alitaka kuwahi. Aliwahi kweli: beseni lake lilikuwa karibu kabisa na mbele, mbele yetu wanawake wachache tu, mlango unakaribia kufunguliwa. Mahali pa namna hiyo kwenye mstari ule hapapatikani kila siku. Nimewahi kuona watu wakikosana mwaka mzima kwa mahali pa namna hiyo. Maman alikuwa anachekesha wenzake. Katikati ya neno akanigeukia.

"Sikumufunga papa yako," akasema.

"Utamfunga ukirudi."

"Hapana. Inatakiwa asubuhi."

"Maman, mlango unafunguliwa."

Alifunga kanga upya, akamwambia mama wa nyuma yake kitu kwa Kimashi, akatoka kwenye mstari na kuanza kupanda ule mteremko. Mama yangu, ambaye hakutoka kwenye mstari ule kwa ajili ya kibofu chake mwenyewe, aliacha mahali pake pazuri akapanda kilima kwa ajili ya mkono wa mtu. Alipanda haraka, amekunja kiwiko, ndara zinapiga visigino. Nilitaka kupiga kelele asikimbie. Mlango ukafunguliwa. Wanawake wakainama kuinua mizigo yao.

Nililisogeza beseni. Mama wa nyuma alinitazama, nikamtazama, akaniacha. Tukasogea tena. Wa nyuma wengine walianza kunung'unika, na yule mama akawageukia akasema maneno ambayo sikuyaelewa yote ila yaliwanyamazisha. Nilipofika mbele kabisa nilikaa kando na beseni nikawaacha wapite, kwa sababu karoti hazikuwa zangu na mwenyewe hakuwepo. Walipita wengi. Kila aliyepita alisema, "Maman yako ni mzima?" nikasema ni mzima.

Simu ikatetemeka. Ya Papa: kumi na tatu kwa nane. Presha yako iko sawa, endelea na dawa.

Ikatetemeka tena. Ya Maman: kumi na sita kwa kumi. Pumzika kidogo, kisha upime tena.

Hakuwa amepumzika. Alikuwa amepanda mlima mbio, akamfunga mume, akajifunga mwenyewe akiwa bado anahema, na akaituma vilevile ilivyotoka, mbaya, huku akijua kwamba nitaiona. Nilikaa chini kwenye jiwe na beseni la karoti magotini, nikaisoma tena na tena. Ilikuwa namba mbaya, na ilikuwa ya mkono wake.